Ya Ukoko

Wali hautumwi kwa barua pepe.
Hilo nililijua Jumatatu ile, saa saba mchana,
nyuma ya jengo la bima, Mtaa wa Mkwepu,
kilo kumi na mbili zimeiva, makaa juu ya mfuniko,
na ngazi haishushi mtu.

Lugendo mlinzi ndiye aliyeniletea habari:
"Wameambiwa wafanyie kazi nyumbani, Bi Siwatu.
Kila mtu kaondoka na kompyuta yake kwapani
kama mwizi wa kuku."
Akacheka peke yake.

Kaeni nyumbani, redio ikasema.
Nikaitazama redio.
Kule Mbagala mimi naenda kulala tu;
nyumbani kwangu ni mafiga haya matatu,
mabenchi mawili, turubai la buluu lenye tundu
linalodondosha jua kwenye bakuli la pilipili.

Ile ndoo yenye koki nilikuwa nimeikopea,
elfu kumi na nane, pamoja na sabuni ya maji.
Walinawa siku nne.
Siku ya tano ikawa inanawisha mikono miwili,
ya Lugendo,
anayelinda ghorofa sita za viti.

Nikashuka na sufuria kama anayeshuka ngazi gizani:
kilo kumi na mbili, saba, tatu,
kisha kile kisufuria cha uji wa mjukuu.
Muuza mkaa akipita na baiskeli hakuuliza,
alipiga kengele tu, akaenda zake.
Maharage ya Kisutu nikaacha kuyachukua,
na mama wa maharage, nasikia, akaacha kuchukua kwa mtu wa Tandale,
na mtu wa Tandale sijui aliacha nini.

Mwanaidi wa vyombo nilimwambia Jumanne aje Ijumaa.
Ijumaa nikamwambia Jumanne.
Hakulia. Alisugua sahani ambazo hazikuliwa,
akazipanga, akaikunja aproni mara nne,
akaniwekea mezani
kama mtu anayerudisha funguo.

Usiku nikawa nasoma daftari.
Anitha wa masijala, sahani tatu na soda.
Kokutona mhasibu, elfu tisa, aliapa mwisho wa mwezi.
Dereva wa bosi, samaki wawili.
(Bosi hadaiwi. Bosi hakuwahi kushuka.)
Nsajigwa, mkaguzi wa hesabu, elfu kumi na nne na mia tano.
Mkaguzi! Anakagua hesabu za watu
na yake iko kwangu, ina doa la mchuzi.

Huyo alikuwa akichelewa makusudi,
saa tisa kasoro, sufuria imebaki na kelele tu.
Anaingiza mwiko mwenyewe, krr, krr,
anakwangua ukoko, anautafuna kwa chumvi, kasimama,
tai kaitupa begani isiguse mafuta.
Sikuwahi kuuandika ukoko.
Nani anauza ukoko?

Mwezi wa tatu wa ukimya ule, simu ikalia mara moja. Ujumbe.
Elfu kumi na tisa, na ya kutolea juu yake.
Nikapiga. Nyuma ya sauti yake nikasikia mvua, na ng'ombe.
"Nipo Tukuyu, Bi Mkubwa. Walitupunguza.
Ghorofa yetu wameirudisha kwa mwenye jengo.
Nalima viazi."
Nikamwambia, umezidisha, deni lako silo hilo.
"Elfu nne na mia tano," akasema,
kwa sauti yake ileile ya kukagua,
"ni ya ukoko."
Kisha mtandao ukakata, au akakata yeye.

Jina lake nimelipiga mstari.
Hiyo elfu nne na mia tano sijui niiandike wapi,
kalamu imekauka nimeishika.
Mwanaidi nimemtumia salamu, kesho aje.
Sufuria kubwa haipatikani: paka wa Lugendo amezalia humo,
wanne, macho bado.
Tutapika kilo tatu.
Kwa kilo tatu ukoko haushiki vizuri,
lakini nitapalia makaa, nitasubiri.