Hodi

Huddersfield, Novemba, mvua haina haraka.
Ghorofa ya tatu taa moja bado inawaka:
Maureen Oldroyd anahesabu vichupa
kwa kidole kilichoungua mwaka themanini na tisa.
Kesho anastaafu. Mimi nimeambiwa nifunge maboksi.

Madaftari arobaini na mawili. La kwanza
lina doa la chai na mchoro wa duara
lenye meno kwa ndani, kama mdomo wa mtoto.
Hicho ndicho alichokifuata miaka thelathini na mmoja:
kikombe kidogo kuliko udogo wenyewe,
pete ya kaboni na nitrojeni, tupu katikati,
kimtambue mgeni mmoja ndani ya umati
na kikimpata, king'ae.

Baba yake alitia sufu rangi kiwandani, kando ya mto.
Jumatatu alirudi na viganja vya buluu,
Ijumaa vyekundu;
watoto wa mtaa walijua siku kwa mikono yake.
Mto nao ulijua. Ulikunywa yote, haukusema.
"Nilitaka kitu kitakachosema," aliniambia
huku akisuuza birika, kama anayetaja bei ya mkate.

Wenzake waliunganisha atomu kwa vifungo vya ndoa,
visivyovunjika ila kwa moto.
Yeye alipenda nguvu dhaifu,
haidrojeni inayoiegemea oksijeni
kama mtu aliyeegemea ukuta akingoja basi.
Kinachoshika milele, alisema, hakipimi:
kinajaa mara moja, kisha ni kipofu.

Nikampa methali: mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu.
Nikamweleza hodi, neno linalotangulia mwili mlangoni.
Akaliandika kwa kalamu nyekundu
kwenye kioo cha kabati la mvuke.
Halijafutwa. Mfagizi anadhani ni jina la sumu.

Lakini maji.
Ndani ya klorofomu kikombe kilimjua nitrati upesi,
mstari ukapanda kwenye karatasi, akanunua keki.
Ndani ya maji, kimya.
Maji ni mwenyeji wa kila mtu:
humkumbatia mgeni wako njiani,
kisha huja yenyewe kukalia kiti ulichokiandaa.
Na nani ana mto wa klorofomu?

Miaka tisa hivyo. Ruzuku ilikataliwa,
mara ya nne kwa sentensi moja.
Mwanafunzi wake hodari akaenda Bradford kuuza bima.

Akakizungushia kikombe kuta zinazochukia maji.
Akakitia taa yake chenyewe, iwake tangu mwanzo,
apate kukiona gizani.
Usiku mmoja wa Februari, chini ya urujuanimno,
kichupa cha sita kilizimika.
Alidhani balbu. Akabadilisha balbu.
Kilikuwa kimezimika.
Aliyeingia hakuwa nitrati, alikuwa iodidi,
mnene, mzito, maji hayamng'ang'anii sana;
ameketi kitini na kuzima taa
kama mtu aliyefika kwake.

Madini joto, nikamwambia. Ndivyo isemavyo
pakiti ya chumvi dukani kwetu Korogwe.
Akanyamaza. Kisha akanisimulia nyanya yake wa Derbyshire
aliyevaa skafu hata Julai, kuficha rovu.

Sasa kuna kijikaratasi, upana wa kucha,
kwenye kliniki ya wajawazito kule Barnsley.
Tone la mkojo tu. Kikizimika, mama ana akiba.
Kikiendelea kuwaka, wanamwita arudi.

Mgeni aliyemwalika hajaja hadi leo.
Boksi la kumi na saba nimeliandika:
VIKOMBE VILIVYOSHINDWA.
Amesoma, amelikata neno la pili,
hakuandika jingine.
"Hilo usilibandike gundi," anasema,
kisha anaanza kuutafuta mwavuli
ambao ameushika.