Mpiga Mbiu wa Ghala

Ghala ni mtaa wa Maskati wenye jina
ambalo kwetu nyumbani ni stoo ya mpunga.
Ofisi iko orofa ya tatu, juu ya duka la matairi,
na Julai hii hata lifti inatoka jasho.

Tunatunza programu ya kuombea miadi hospitalini.
Ndani yake tulipachika maktaba ya kazi moja tu:
kitu kikivunjika, ipige mbiu.
Thani aliichukua bure mtandaoni, miaka minne nyuma,
akaifunga kwa mistari mitatu, akashuka kunywa karaki.
Hatukuikagua.
Nani humkagua bawabu?

Kumbe ina mdomo.
Ukurasa ulipoanguka
haikusema tu: hapa pameanguka.
Ilibeba fomu nzima,
jina, namba ya kitambulisho, simu,
na yale uliyoyaandika
ukidhani unamwandikia daktari.
Ikayapanga rafuni, tarehe kwa tarehe,
na chumba hicho cha rafu
kilifunguka kwa anwani tupu, bila neno la siri.
Miaka minne tukimwogopa mwizi wa kupanda ukuta,
bawabu anasoma barua zetu kwa sauti.

Jumapili likaja onyo: matoleo yote
chini ya la saba yana tundu.
Nikaachwa peke yangu na kiyoyozi.
Pandisha toleo. Funga chumba. Chuja kinachotoka.
Futa ripoti elfu mbili mia tatu na kumi na sita
kabla ya adhana ya alfajiri.

Sikutaka kusoma. Wallahi, macho yalikuwa yanahesabu tu.
Lakini katikati ya Kiarabu na Kiingereza
neno la nyumbani halikupi nafasi ya kugeuza uso:

*Nina uvimbe titi la kushoto tangu Rajabu.
Naomba daktari mwanamke.
Msipige simu nyumbani, mwanangu asijue,
anaolewa Mfunguo Pili.*

Zuwena binti Mahfudh.
Mama mdogo.

Kiarabu anakisema, hakiandiki;
kalamu yake ilisomea Wete.
Na sanduku lile la maelezo, nililolitengeneza mimi,
lilikubali herufi za Kiarabu peke yake.
Akabonyeza. Likavunjika. Mbiu ikapigwa.
Ombi halikumfikia daktari yeyote.
Ofisi nzima, watu kumi na wanne,
anayeweza kulisoma ni mimi.

Nilikaa.
Chai ikaota ngozi.
Nikilipeleka mwenyewe hospitalini, mimi ni tundu jingine,
lenye miguu na shela.
Nikilifuta nikanyamaza, je?
Uvimbe hausubiri arusi.

Nilitengeneza sanduku kwanza. Likubali kila herufi.
Kisha nikafuta ripoti zote, yake ya mwisho kabisa,
na kufuta hakukufuta.

Ijumaa, Maabela, nyumba imejaa wanawake na hina.
Raiya ameketi mikono wazi, hawezi hata kujikuna pua.
Mama mdogo anapitisha halwa kwa mkono wa kulia;
wa kushoto uko ndani ya kanga, umetulia mno.
"Na wewe," ananiuliza, "kazi yako hasa ni kufanya nini?"

Nikaitazama sinia. Nikaongea na sinia.
"Wiki hii nimetengeneza fomu ya hospitali.
Ilikuwa mbovu, ikila maombi ya watu.
Kosa langu, si lao.
Sasa inapokea hata Kiswahili,
na haimwambii mtu.
Aliyekwama, ajaribu tena."

Shangazi mmoja akasema mambo ya simu hayawezi.
Mwingine akataka kahawa.
Mama mdogo akanikatia kipande cha halwa
kikubwa kuliko adabu inavyoruhusu,
akakiweka kiganjani mwangu, akakifumba kiganja
kwa vidole vyake vyote, vya mikono miwili,
akaenda zake jikoni.

Sijui kama alijua.
Chumba kile nimekifunga, na ufunguo sichungulii.
Jumatatu usiku mbiu haikulia.
Nikaitazama skrini nyeupe, tupu,
nikaomba ibaki hivyo hivyo.