Friza ya Saa Tisa Usiku

Nauza barafu za ukwaju, shilingi kumi kikombe,
Langoni, mlango wa pili kutoka kwa fundi viatu.
Watoto wanijua kwa friza.
Friza nayo, tangu mwezi wa Rajabu,
yanijua kwa jambo jingine:
mwanamke aliyetia kichwa ndani saa tisa ya usiku,
shingo juu ya trei,
leso imenata mgongoni kama iliyofuliwa isikamuliwe.

Huanzia kifuani. Hapana, huanza kabla,
kama mtu aliye nyuma yako, karibu akuite.
Kisha moto wapanda, masikio yalia,
nami huku napima sukari, nasema "karibu mwanangu",
jasho likidondokea chenji.

Dawa? Dawa nimepewa.
Wifi yangu Shekha aliniletea uwatu uliolowekwa,
nikaunywa siku arubaini, nikanuka uwatu
hata paka wa mtaa wakanipisha njia.
Habasoda na asali. Mdalasini.
Binti yangu Swabra akanitumia kwa simu
picha ya chupa ya vidonge vya soya,
nikaifuata kwa Athmani wa duka la dawa.
Juu yake mwanamke amekaa ufukweni, anacheka.
Nilimuuliza: wachekani?
Elfu mbili na mia tatu.
Vikombe mia mbili na thelathini vya ukwaju, nilihesabu.
Nikavimeza kwa uchungu wa bei,
na pengine bei ndiyo iliyonilaza zile siku tatu.

Sista Kadzo, hospitalini, hakucheka.
Alinifunga mkono, akapima presha,
akauliza ambayo mume wangu hajauliza:
Walala? Walia bila sababu? Titi lina uvimbe?
Damu imewahi kuganda mguuni?
Mamako alivunjika mifupa?
Akasema kuna homoni, za kumeza na za kubandika ngozini,
zafaa wengi, si wote,
wala si za kuazimana kama sufuria.
"Na hizi za chupa, nyingine zasaidia kidogo,
nyingine wamlipia mwenye duka kodi. Niletee nizione."
Akaandika kalsiamu. Akaandika: tembea.

Ni pale kwenye mama nilipokwama.
Mama alikuwa akilala sakafuni, msana wa chini,
shavu kwenye chokaa.
Tukimruka kwenda chooni
tulidhani amegombana na baba.
Alfajiri, leso mbili mbichi kambani,
na hakuna aliyeuliza nani kafua usiku.
Alikuwa na hamsini. Mimi kumi na mbili.
Niliandika kwenye daftari la hesabu:
Mama siku hizi hatupendi.

Juzi, saa tisa ile ile, mlango uligongwa.
Bi Khuzaima wa nyumba ya juu,
yule aliyesema kwenye arusi ya kina Badi
kwamba wanawake wa sasa ni walegevu,
mamake alizaa kumi, akakoma, na hakuna aliyejua siku.
Kasimama na sarafu kiganjani,
buibui kalivaa kinyume, mshono nje.
"Una barafu?"
"Ya ukwaju au ya maji?"
"Yoyote. Ni ya mjukuu."
Mjukuu ana wiki mbili yuko Witu.

Nikampa trei nzima.
Akaketi kwenye kreti ya soda, akaweka kipande shingoni,
maji yakimshukia ndani ya dera.
Hatukusema kitu. Friza ikaguruma.
Baadaye akauliza, macho kafumba:
"Na uwatu, ulikufaa?"
"Uliwafaa panya. Paka walihama."
Akacheka hadi akajiziba mdomo kwa kiganja cha baridi.

Sarafu yake sikuitia kwenye kopo la mauzo.
Jumatatu twaenda kwa Sista Kadzo, wawili.
Yeye asema anisindikiza tu.
Nami nimemshukuru kwa kunisindikiza.