Mawingu, Sikutazama

Nilikwenda kwa sababu ya viti.
Chuo cha Reli walipungukiwa viti arobaini,
nikawaazima vya msiba, vya mtaa wetu wa Isevya,
na mwenye kuazima mali ya msiba hukaa nayo.

Mhadhiri alikuwa binti wa Lugusi wa ghala la tumbaku,
Nyamizi, aliyekwenda ng'ambo kusomea falaki
akarudi na miwani
na kikohozi kidogo kabla ya kila neno kubwa.
Ukutani shuka jeupe. Dirishani Novemba:
mvua ya kwanza imepiga alasiri,
kumbikumbi wanaingia kwa mamia,
wanajigonga kwenye mwanga wa projekta,
wanaongeza nyota zisizokuwamo.
"Hizo msizihesabu," akasema.

Akaanza mbali. Kabla ya darubini,
kabla ya yule aliyeiambia dunia isogee, ikasogea.
Akawapitia Zuhura, Mirihi, Zohali,
majina yaliyopanda huku na misafara,
kisha Kilimia, ambacho hatukuletewa na mtu,
kinachozama kwa mvua kikazuka kwa jua.
Akakohoa. "Historia ya elimu hii
ni historia ya makosa yaliyotunzwa vizuri."
Hapo nikaacha kuhesabu viti.

Maana alionyesha kigae.
Udongo mkavu, mdogo kama kipande cha sabuni,
umechomwachomwa kwa ncha ya tete,
ungedhani kuku kapita.
Babeli, akasema, zaidi ya miaka elfu mbili.
Akasoma polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine:

*Usiku wa kumi na nne. Mwezi umeonekana.*
*Usiku wa kumi na tano. Mawingu, sikutazama.*
*Usiku wa kumi na sita. Mawingu, sikutazama.*
*Bei ya shayiri. Kina cha mto.*

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa stesheni
hapa hapa, reli inapogawanyika,
huyu Kigoma, huyu Mwanza.
Daftari langu lilisema:
Kutoka Dar, imefika.
Kutoka Dar, haikufika, tuta limebebwa na maji, Gulwe.
Kutoka Dar, haikufika, sababu haijulikani.
Mkubwa mmoja aliniita ofisini:
Msabila, andika zilizofika tu, ripoti ipendeze.
Nikaandika zote.
Sikujua nilikuwa namfuata nani.

Maswali. Imamu wa Gongoni akasimama:
mwezi mwandamo, tuufuate kwa macho au kwa hesabu?
Ukumbi mzima wa Wanyamwezi
ukanyamaza kulisubiri jina lake.
"Hesabu ilianza kwa kuazima macho ya aliyeona," akajibu Nyamizi.
Imamu akakaa. Hakusema kama amekubali.
Kisha mtoto mwenye sare ya skuli,
mbawa ya kumbikumbi imemganda shavuni:
"Aliyeandika mawingu, siku hiyo alilipwa?"
Watu wakaangua kicheko.
Yeye hakucheka. Alivua miwani, akaifuta.
"Natumaini," akasema, bila kukohoa.

Mimi nilikuwa na swali.
Mkono ukaamua kubaki gotini.
Nilitaka kujua kama alikuwa na mke,
huyo wa kigae,
na kama mke alimuuliza, kama wangu:
unakesha kuandika kitu ambacho hakikuja?

Saa nne usiku nilibebanisha viti.
Thelathini na tisa. Nikarudia. Thelathini na tisa.
Mkokoteni ukalia njia nzima hadi Isevya
juu ya mbawa zilizotapakaa barabarani.

Nyumbani nimelitoa daftari kabatini.
Lina kurasa sita ambazo shirika halikuzidai.
Nimechonga penseli kwa kisu cha jikoni.

*Jumamosi.*
*Viti: vimekwenda arobaini, vimerudi thelathini na tisa.*
*Kimoja hakijulikani.*
*Mchele, kilo, elfu tatu.*
*Mwezi: mawingu. Nimetazama.*