Nyuma ya Kadi

Miaka tisa Sista Atupele anaandika
nyuma ya kadi za dawa:
kitanda cha nne, asema maji yana ladha ya msumari;
yule wa Mbagala hakurudi dozi ya tatu. Nauli.

Leo, ghorofani Upanga, feni ikikwaruza,
Dokta Nsia anazipanga mezani kama karata.
"Hapa una swali, mwenzangu.
Wahesabu wasiorudi. Uliza kwa nini. Uliza tena."

Uzamivu? Mimi, na miguu hii iliyovimba?
Anacheka mpaka ngazi za chini.

Saa mbili usiku, wodini,
kitanda cha nne kimetandikwa upya.
Anafungua daftari, anaandika jina,
analifuta kama alivyofunzwa,
anaweka namba: moja.

Jina linambaki mdomoni.
Ladha yake, msumari.