Kibendera cha Leso

Uliotea, Shekuwe.
Nusu unyayo, labda pungufu,
lakini uliotea.

Nilikuwa pale pale kwenye chaki, uwanja wa Twaifu,
fainali ya Maulidi, jua limetukalia utosini,
nimelingana na beki wao wa mwisho,
kijana wa Faza mwenye soksi moja.
Mkononi kibendera changu cha kujitengenezea:
kijiti cha mkoko, na kipande cha leso ya Mwanaesha
ambacho mkasi ulilikata jina lake katikati
likabaki MSEMA KWE.

Obo akaupiga mpira, nawe umeshampita beki.
Nikaona. Mato haya yaliona.
Mkono ukapanda mpaka kiunoni, ukasita.
Kwani nani Langoni hakujua
kwamba viatu ulivyovaa vilikuwa kipini cha mamako,
kile cha dhahabu, kimewekwa rehani kwa sonara?
Na yule mgeni kutoka Mombasa, chini ya mwavuli,
alikuwa ameshafungua daftari lake.

Refa alinitazama.
Nikatazama nyasi.

Bao. Punda wakakata kamba.
Wewe ukabebwa juu juu hadi Mkomani,
na kijana wa Faza akabaki ameinua mkono.
Mpaka leo sijui kama ameushusha.

Mengine yote nimeyasikia redioni, kama kila mtu.
Jezi ya taifa. Goti. Operesheni ya goti.
Kisha Shekuwe mbunge, Shekuwe waziri,
sasa Shekuwe mwenye chama chake na rangi yake,
na picha kwenye kila ukuta kutoka hapa hadi Lodwar:
miaka hamsini na miwili, kitambi, na mpira kwapani
umejazwa upepo kuliko siku zote.

Juzi uliteremka Twaifu kwa helikopta.
Upepo wake ulifuta mistari yote ya chaki
ambayo vijana walikuwa wameichora asubuhi.
Ukanishika mkono, ukanipandisha jukwaani:
"Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyenifunza haki!"
Wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikapunga.
Kisha ukaniinamia, unanukia udi na gari jipya,
ukaniuliza polepole, kwa sauti ya mtoto wa mtaa,
"Ami Bwanaadi, siku ile uliniona?"
"Nalikuona."
Ukacheka. Hukuuachia mkono wangu,
mkono ule ule,
ukaendelea kuwaahidi watu
mashine ya figo, ukuta wa bahari, maji matamu kila nyumba,
na mimi, kwa mazoea, kila ahadi
nilikuwa naangalia miguu yako iko wapi.

Mwanaesha anasema tukupe, wewe ni wetu.
Ni wetu, simkatalii.
Na yule wa Faza, ni wa nani?

Kile kitambaa hakijapotea. Kilikuwa jikoni,
ndicho alichoshikia sufuria. Kimeungua pembeni,
lakini ukikaza mato utasoma.
Usiku huu nimekichukua, nimekifua,
nimekianika dirishani.
Kesho vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili.
Nimeamka mara tatu kukigusa.
Bado kibichi.