Kipimo cha Utomvu

Miaka kumi na tisa napima utomvu wa mpira
katika kituo cha ushirika, bonde la Ranni,
pale wagema wanapofika saa nne asubuhi
ndoo mbegani, mvua ikiwafuata kama ndama.
Kipimo changu ni kijiti cha kioo chenye tumbo.
Nakitumbukiza: utomvu mzito hukimeza hadi shingoni;
uliotiwa maji hukisukuma juu,
kikasimama kinatazama watu.
Sigombani. Nasoma namba, naandika.
Mgema wa huku hutia maji hata asiposifiwa,
na Thankachan, jirani yangu, hutia kuliko wote.

Julai alikuja mhubiri, Jeyakaran,
turubai la buluu, vipaza sauti vinne.
Usiku wa kwanza alisema: mgonjwa asiyepona
ana dhambi aliyoifukia. Watu wakaitika amina.
Mama yangu, ambaye damu yake huoshwa kwa mashine
kila Jumanne na Ijumaa,
aliitika pia.

Siku tatu hakula vizuri. Ya nne akaniita.
"Saramma, nimeikumbuka. Fenesi.
Nilikuwa na miaka tisa. Shamba la Pothen.
Nililila peke yangu, mbegu nikazichoma,
nikamsingizia mbwa."
Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Nikafungua Maandiko, kwa hasira, nakiri,
si kwa ibada.
Nikamkuta kipofu tangu tumboni mwa mamaye,
na wanafunzi wakiuliza lile lile la Jeyakaran,
na Bwana akilikataa: si yeye, si waliomzaa.
Nikamkuta msafiri mwenza wa mtume
ameachwa bandarini, anaumwa,
na mtume, ambaye leso zake ziliponya watu,
hakuandika hata neno moja la kumlaumu.
Nikasoma namba.
Maji, Ammachi. Mengi.

Akanyamaza. Halafu:
"Na lile langu? Lile la mlangoni?"
Alilidarizi mwenyewe, uzi mwekundu, mwaka alioolewa:
MUNGU HUMSAIDIA ANAYEJISAIDIA.
Nimekulia chini yake. Nimefaulu mitihani chini yake.
Nilitafuta sura yake Ijumaa nzima kando ya mashine,
damu ya mama ikienda na kurudi,
nikatafuta hadi nikaanza kulitungia visingizio.
"Halimo kabisa?"
"Halimo."
Akaomba sindano na mkasi.

Na usiku wa pili (hili sikutaka kulisema)
Jeyakaran huyo huyo, kwa vipaza sauti vile vile,
alisema asiyesamehe asitarajie kusamehewa.
Hilo nalo nikalipima. Nikalipima mara mbili,
nikiomba kioo kipande.
Kilizama hadi shingoni.

Jumatatu Thankachan akaleta ndoo yake.
Nikatumbukiza kijiti, kikasimama kama kawaida.
Nikamsomea namba, maana namba ni namba,
ila safari hii si kwa sauti ya kusikika barabarani.
Alinitazama kidogo, akachukua stakabadhi, akaenda.

Kitambaa bado kinaning'inia penye upenyo wa mlango.
Herufi zote zimefumuliwa. Matundu ya sindano yamebaki,
na asubuhi jua likipita
unaweza, ukitaka, kuyasoma.
Mama husema tuyaache,
tusije tukasahau jinsi yalivyokuwa mazuri.